Joto la Ngazi ya Tisa

Umewahi kuvua viatu asubuhi ya baridi, ukakanyaga sakafu ya chumba ambamo halali mtu, ukaikuta ina joto kama godoro ambalo mwenyewe ameamka sasa hivi?

Sikuulizi ili nikutishe. Nauliza kwa sababu mimi sakafu hiyo nimeikanyaga miaka arobaini na moja, na miaka yote hiyo nilijua joto lile ni la nani, na sikumwambia mtu. Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, mume wangu, naye alikuwa chumba cha pili, akila, akikohoa, akizeeka. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Mwaka huu ametimiza sabini na tisa, na daktari amesema moyo wake umechoka, tumtunze, tusimshtue. Basi nikajikuta nimefungiwa mlango mbele na nyuma. Nikisema, huenda nikamuua. Nisiposema, atakufa na kosa lisilo lake.

Kosa lenyewe nitalieleza polepole, maana si gumu. Mtoto wa darasa la nne atalielewa, nami nimeishia la saba.

Nyumba yetu ni ya mwisho katika safu ya nyumba kumi na mbili zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Ina vyumba vitatu, na sakafu ya saruji nyekundu niliyokuwa nikiing'arisha kwa goti na kitambaa kila Jumamosi. Chumba cha kwanza ni chetu. Cha kati ni cha kulia chakula na kupokelea wageni. Cha mwisho, chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, kilikuwa cha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kazini walimwita Msumari kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka, na kichwa bapa juu. Mwenyewe alisema wamemwita hivyo kwa sababu ukimpiga ndiyo kwanza anazidi kuingia. Mume wangu walimwita Digrii, na jina hilo lilitokana na kazi yake.

Watu wengi wanadhani chini ya ardhi kuna baridi, kwa sababu maji ya kisima ni baridi na pishi ni baridi. Hiyo ni ngozi tu. Ukishuka zaidi dunia inabadilika. Pale mgodini petu, kila mita mia ulizoshuka, mwamba uliongeza digrii mbili na nusu hivi, bila haraka na bila kurudi nyuma. Mgodi ulikuwa na ngazi tisa, yaani njia tisa zilizochimbwa mojamoja chini ya nyingine, kila moja mita mia chini ya mwenzake. Asubuhi wanaume waliingia kwenye kizimba cha kuwashusha wakiwa wamevaa sweta. Waliofanya kazi Ngazi ya Pili walibaki nazo. Wa Ngazi ya Tano walizitundika ukutani, wakafanya kazi na fulana. Wa Ngazi ya Nane walivua hata fulana, na maji waliyobeba yakiwa baridi waliyanywa yakiwa vuguvugu.

"Shemeji," Msumari aliniambia siku moja, "kesho usinichemshie chai. Nipe majani na sukari tu, maji nitachemshia kwenye ukuta."

"Na maziwa?"

"Maziwa nayaacha. Yakiganda kule chini nyapara atasema nimefungua kiwanda."

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupima joto la mwamba kabla watu hawajaanza kuchimba mahali papya. Nayo ina utaratibu wake. Huwezi kubandika kipimajoto ukutani ukasoma, kwa sababu juu kuna feni kubwa zinasukuma hewa usiku na mchana, na hewa ile hupoza uso wa jiwe. Uso wa jiwe hudanganya. Inatobolewa tundu refu, mita tatu kwenda ndani, jembamba kama mkono wa mtoto. Kipimajoto kinatiwa ndani ya mrija wa shaba, kinasukumwa kwa ufito mpaka mwisho wa tundu. Kisha tundu linazibwa kwa matambara yaliyoshindiliwa sana, hewa isipenye, na linaachwa mpaka kesho yake. Kipimajoto kinalala na mwamba. Asubuhi kinatolewa, kinasomwa, namba inaandikwa.

Mimi nilikuwa stoo ya vipimo, juu, karibu na mlango wa kizimba. Kazi zangu zilikuwa tatu. Nilichovya ncha ya kila kipimajoto kwenye nta iliyoyeyushwa, ili kikitolewa tunduni joto lisikimbie kabla mtu hajasogeza taa akasoma. Nilifua na kukausha matambara. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilinakili namba kutoka kwenye daftari la mume wangu, ambalo daima lilikuwa na tope, nikaziweka kwenye kitabu kikubwa cha jalada jeusi.

Mwezi ule wa mambo yote, mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Si mvua kubwa, ile ya rasharasha, inayokunyima hata dakika kumi za jua. Matambara nilikuwa nimeyafua kwa sababu yalirudi na grisi. Niliyatundika ndani ya stoo, juu ya jiko la kuyeyushia nta, nikayageuza asubuhi na jioni. Siku ya nne mume wangu akaja kuyachukua. Nyapara alitaka Ngazi ya Tisa ipimwe siku hiyohiyo.

Nikayapapasa. Nje yalikuwa makavu. Kwenye pindo na mishono yalikuwa na unyevunyevu, kama shavu la mtoto aliyenyamaza kulia muda si mrefu. Nikajua. Nikasema moyoni, kule chini kuna joto, yatakaukia hukohuko. Nikayafunga kwenye mfuko nikampa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tambara bichi likishindiliwa tunduni linaziba vizuri, vizuri kuliko kavu. Lakini joto la mwamba linalikausha, na likikauka linajikunja, linapungua, linaacha mwanya pembeni. Hewa ya feni inaingia kwa ule mwanya usiku kucha na kupoza tundu hadi ndani. Asubuhi kipimajoto kinakupa joto la upepo uliochanganyika na jiwe, nawe unadhani ni la jiwe. Hili nililijua. Mume wangu ndiye aliyenifundisha, mwaka nilioanza kazi, tena mara mbili.

Kesho yake akaleta daftari. Nikafungua kitabu kikubwa, nikachovya kalamu. Mstari wa juu ulikuwa wa Ngazi ya Nane: arobaini na moja. Chini yake nikaandika namba ya Ngazi ya Tisa: thelathini na tisa.

Niliitazama namba ile mpaka wino ukakauka. Sheria ya pale ilikuwa hivi: mwamba ukifika arobaini na mbili, watu wafanye nusu zamu, na bomba la hewa baridi lifikishwe kwanza. Thelathini na tisa ilikuwa ruhusa ya zamu nzima. Lakini dunia hairudi nyuma. Kutoka ya nane kwenda ya tisa namba ilipaswa kupanda, si kushuka.

"Imeshuka," nikamwambia mume wangu.

"Nimeona. Nyapara anasema huenda kuna maji baridi yanapita nyuma ya mwamba. Inatokea."

"Hutapima tena?"

"Nilimwomba. Kasema kikosi kimeshapangwa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Unajua nani kapewa kikosi?"

Nikajua kwa uso wake. Msumari. Miaka sita ya kushika drili ya watu wengine, sasa apewe watu wanne wake mwenyewe. Mume wangu hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na siku ile alikuwa anacheka.

Jioni Msumari alikuja mezani amechana nywele.

"Shemeji, kuanzia kesho hakuna Msumari. Niite Bwana Kiongozi wa Kikosi."

"Nitakuita hivyo siku utakayoosha sahani yako mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi endelea na Msumari."

Tukacheka sote watatu. Nilicheka nao. Nilijiambia nitasema asubuhi, kabla hawajatoka, ili nisiharibu chakula. Ningemwambia mume wangu pembeni, naye angejua la kufanya. Nilimwogopa nyapara pia, sitaficha, maana mwanamke aliyekuwa stoo kabla yangu alifukuzwa kwa kuvunja kipimajoto kimoja. Lakini zaidi ni ile furaha. Ilikuwa imekaa mezani petu kama mgeni, na mimi ndiye niliyetakiwa kuiambia iondoke.

Asubuhi nilisimama mlangoni nimeshika chupa zao za maji. Mume wangu alikuwa anafunga kamba za buti. Msumari alikuwa ameshafika nje, anapiga mluzi.

"Msumari," nikaita. "Beba chupa mbili leo."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Chupa mbili.

Saa nane mchana kengele ya kizimba ililia mara tatu, maana yake analetwa mgonjwa. Nikatoka stoo na nta mikononi. Walikuwa wamembeba kwenye machela ya turubai, kichwa kimelala upande. Nilimgusa shavu nikauondoa mkono. Lilikuwa linaunguza, na lilikuwa kavu. Mtu aliyekuwa akitoa jasho tangu saa moja, hana hata tone. Mmoja wa wenzake alisema alianza kusema mambo yasiyoeleweka, akauliza nani kafunga dirisha, kisha akakaa chini akaegemea ukuta na kucheka. Chupa zote mbili zilikuwa tupu. Hakufika zahanati.

Nyapara aliandika homa. Ngazi ya Tisa ikafungwa kwa mbao, haikupimwa tena. Watu hawakuwa wajinga, walijua si homa, na walipojua wakamtazama aliyepima. Mume wangu hakujitetea. Aliulizwa ofisini, akasema, "Labda nilisoma vibaya. Macho." Wakamtoa kwenye vipimo, wakamweka kulinda geti. Jina la Digrii likakatika siku hiyo. Miaka mitatu baadaye mawe ya maana yakaisha, mgodi ukafungwa, pampu zikazimwa, maji yakapanda taratibu yakajaza ngazi zote tisa. Sisi tulibaki katika nyumba.

Na joto nalo likabaki.

Niliona kwanza wiki ya pili baada ya mazishi. Niliingia chumba cha Msumari kufagia, bila viatu. Sakafu ilikuwa baridi kama kawaida, mpaka karibu na ukuta, mahali kilipokuwa kitanda chake. Pale palikuwa na joto. Nilipiga magoti nikapapasa mipaka yake kwa viganja. Urefu wa mtu, upana wa mabega membamba. Chini ya nyumba yetu hakukuwa na bomba wala waya, na mgodi wenyewe haukupita upande ule. Nikapaka maji, yakakauka mbele ya macho yangu.

Niliishi napo. Binadamu huzoea. Siku moja, msimu wa baridi, niliacha beseni la unga wa mkate pale bila kufikiri, na niliporudi ulikuwa umeumuka hadi umemwagika. Niliuoka, ulitoka mzuri, nikashindwa kuumeza. Mara nyingine, msimu wa mvua, nilidondosha tambara la kupangusia, bichi kabisa, nikalisahau. Kesho yake lilikuwa limekauka hadi mishononi, hadi kwenye pindo, limekakamaa. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Ilikuwa kana kwamba mtu ananiambia, shemeji, si ungenipa mimi nikukaushie.

Unaweza kusema ni mume wangu aliyekuwa akilala pale nikienda sokoni. Nilifikiri hivyo pia. Lakini chumba kile hakukiingia tangu siku ya machela, na mwaka alipolazwa hospitali majuma mawili, nilikwenda kupapasa kila asubuhi. Halikupungua.

Yeye alikuwa na jambo lake jingine. Alipapasa kuta. Akiingia mahali, duka, kanisa, nyumba ya harusi, huweka kiganja ukutani kwanza, akakiacha kidogo, ndipo asalimie watu. Watoto wetu walipokuwa wadogo walimwigiza, wakipita kila mmoja na kiganja ukutani, wakicheka. Sikucheka. Nilidhani naelewa. Nilidhani anatafuta ile namba, digrii zilizompotea, na mimi ndiye niliyezipoteza.

Basi, mwezi uliopita alikuja binti mmoja, mtaalamu wa mambo ya ardhi. Ametumwa kupima maji yaliyojaa mgodi wa zamani, kwa kuwa yana joto, na kuna watu wanafikiri joto lile linaweza kutumika. Msichana mwenye adabu, buti kubwa, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Kwa siku kadhaa aliteremsha waya mrefu wenye kipimo mwishoni kupitia shimo la zamani la hewa. Kisha akaja kwetu saa tatu asubuhi, amekumbatia kitabu cha jalada jeusi. Nilikitambua kabla hajakaa.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Nimeambiwa babu ndiye aliyepima joto hapa."

"Marahaba," mume wangu akasema. "Zamani. Kaa, mjukuu wangu."

Aliomba kunawa mikono, nikamwelekeza ndoo iliyoko mwisho. Alikuwa amevua buti mlangoni. Akapita mbele ya chumba cha Msumari ambacho mlango wake ulikuwa wazi, akaingia hatua mbili kutundika koti lake msumarini, akasimama. Akanyanyua mguu mmoja, akauweka. Akanyanyua wa pili.

"Bibi, hapa chini kuna bomba la maji moto?"

"Hakuna."

Alikuwa na kipimo kidogo kiunoni. Mkono wake ulikwenda pale, akanitazama usoni, akaurudisha. Akatoka na soksi zake taratibu, koti bado mkononi, na hakuuliza tena.

Mezani alikunjua karatasi. Alikuwa amechora mstari mmoja, umepanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kila ngazi ilikuwa na nukta yake.

"Tazama, babu. Nukta hizi ni vipimo vyako, vya enzi hizo, na mstari ni wangu wa wiki hii. Vyombo vyangu ni vya kompyuta na wewe ulikuwa na mrija na nta. Vimelingana. Ngazi ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Nane. Mwalimu wangu hakuamini."

Mume wangu alisogeza miwani. Sikumbuki lini nilimwona ameketi wima vile.

"Kwa nini joto linazidi?" nikauliza. Nilitaka tu mazungumzo yaende upande mwingine.

"Sehemu moja ni joto la tangu dunia ilipoumbwa, bibi, bado halijamaliza kutoka. Sehemu nyingine mawe yenyewe yanatoa, kidogokidogo, ndani yake. Linapanda huku juu, ila mwamba haulipitishi haraka. Linachukua muda mrefu mno kutufikia." Kisha akaweka kidole kwenye karatasi. "Ila hii moja. Ngazi ya Tisa. Nukta imeanguka nje ya mstari. Mimi nimepata arobaini na nne kasoro kidogo. Kitabu kinasema thelathini na tisa. Nilitaka kukuuliza kilitokea nini, niandike maelezo chini."

Mume wangu alivua miwani.

"Andika nilisoma vibaya," akasema. "Macho."

"Babu, vipimo vingine vyote..."

"Andika hivyo, mwanangu."

Binti akaandika. Niliona herufi zikiingia kwenye karatasi mojamoja, nami nimesimama na birika mkononi. Karatasi zile zingekwenda mahali, zingewekwa kabatini, na mume wangu angebaki ndani yake mtu wa macho mabovu, mpaka dunia yenyewe ipoe. Sikusema mbele ya mgeni. Nilimmiminia chai, nikamwongezea sukari, nikamsindikiza hadi barabarani na kumwomba apite kesho kabla hajaondoka.

Niliporudi alikuwa palepale, kiganja chake juu ya meza.

Nikavuta kiti. Nikatazama kifua chake, jinsi shati linavyopanda na kushuka, nikaona linapanda sawasawa.

"Baba watoto. Matambara yalikuwa mabichi."

Akaikunja miwani yake.

"Ya Ngazi ya Tisa. Yalikuwa hayajakauka. Niliyapapasa nikajua, nikakupa. Na nilipoandika ile namba nikajua mara ya pili, nikanyamaza. Na asubuhi yake nikanyamaza tena. Wewe hukusoma vibaya."

Kule nje jirani alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Nilihesabu mara alizosugua, kwa sababu ilikuwa lazima nihesabu kitu.

"Mabichi kiasi gani?" akauliza.

"Nje makavu. Mishono na pindo."

Akafumba macho. Midomo yake ilikwenda kama mtu anayepiga hesabu. "Niliziba saa kumi jioni. Kwa joto lile, saa tatu usiku yangekuwa yamekauka. Yangejikunja." Akatikisa kichwa polepole. "Feni ilikuwa upande wa kushoto. Ndiyo. Digrii tano zinapotea hapo bila shida."

"Basi macho yako hayakuwa mabovu."

"Hayakuwa." Akafungua macho akanitazama, na nilichokiona hakikuwa hasira, wala hakikuwa nafuu niliyoiomba miaka arobaini na moja. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa. "Umekaa na hilo wakati wote huu?"

"Wakati wote."

"Pole, mama."

Nikalia. Alinisubiri. Alipoona nimepata pumzi akasogeza kikombe chake pembeni.

"Wewe ulidhani mimi nakosa usingizi kwa ajili ya namba," akasema. "Namba hukosewa. Vipimajoto hupasuka, matambara hulowa. Kuna jambo hukulijua. Hakuna anayelijua. Siku ile, saa tano asubuhi, nilishuka Ngazi ya Tisa."

Sikujua. Sikuwahi kujua kwamba alishuka.

"Nilikwenda kutia kipimajoto mbele zaidi. Nikamkuta amevua shati, anatoa jasho kama bomba. Akazima drili. Akaweka kiganja kwenye jiwe, hivi, akaniambia, 'Kaka, weka mkono hapa. Hili jiwe lina moto.' Nikamwambia jiwe ni thelathini na tisa, nimelipima mimi mwenyewe. Akasema, 'Weka mkono kwanza.' Nikatoa daftari nikamwonyesha. Nilikuwa na haraka, mama, na nilikuwa na majivuno. Miaka kumi na sita ya kupima, mdogo wangu anifundishe kwa kiganja. Akaitazama ile namba chini ya taa yake. Akasema, 'Basi labda mkono wangu ndio mbovu.' Akacheka. Akavaa glavu."

Kiganja chake kilikuwa kimeshinikiza meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Sikuuweka. Hilo tu. Ilikuwa hatua moja. Ningeuweka mkono ningejua palepale, daftari au si daftari. Niliamini karatasi, ndugu yangu amesimama mbele yangu. Nimegusa kila ukuta tangu siku ile, na hakuna ukuta unaoniomba mkono kama alivyoniomba yeye."

Nilikuwa nimebeba kosa nikidhani ni ufunguo wa kumtoa, kumbe yeye alikuwa amefungwa chumba kingine kabisa. Mgongoni nilisikia mlango wa mwisho ukigonga fremu, kidogo, kama unavyogonga ukisukumwa na hewa. Yeye pia alisikia. Shingo yake iligeuka upande ule, na hakuirudisha.

"Ulitaka kumwambia nini?" nikauliza.

"Lini?"

"Saa tano ile. Ungeuweka mkono, ungemwambia nini?"

Kifua chake kilipanda, kikashuka. Mara akanyanyua uso, akavuta pumzi kwa kina, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia tangu tukiwa vijana, ile sauti kubwa ya watu waliozoea kuongea juu ya kelele za feni, na aliielekeza kwenye mlango wa mwisho.

"Ni kweli, mdogo wangu. Lina moto. Zima drili, chukua shati lako, twende juu."